Ukungu wa Kilelengwani na Mvua ya Idsowe

Garsen, Jumapili alasiri

Maimuna, mtoto wangu mbishi,

Umekwenda Idsowe kumuaga nyanya yako, na nyumba imetulia, nami nimeona niitumie nafasi hii kabla hujarudi. Wiki nzima nimejaribu kuzungumza nawe uso kwa uso. Kila nikifungua kinywa, unaniambia, "Najua, Baba." Juzi nilihesabu: mara tisa kabla chai haijaisha kikombeni. Basi nimechukua kalamu. Barua utaisoma ukiwa peke yako, na ukiiambia kwamba unajua, itaendelea tu na maneno yake.

Sitakuandikia habari za chakula, wala nguo za baridi, wala watu wa Nairobi. Hayo mama yako amekuambia mpaka ukamwomba apumzike. Mimi nina jambo moja, nalo linahusu kazi hii unayokwenda kujifunza, kazi yangu, ambayo inaonekana nimekufundisha vibaya bila hata kukufundisha.

Jana kwenye dua ya kukuaga, watu walipomaliza kula, Buya alisimama. Nilijua tu atasimama. Alimbeba yule mtoto wake begani, akaanza hadithi yake ya mwaka wa mafuriko: namna mkewe alivyoshikwa na uchungu Kilelengwani, namna ukungu ulivyofunga dunia nzima, na namna baba yako alivyosema, "Mungu yupo," akapanda helikopta akaenda. Watu wakasema mashallah. Wewe ulikuwa umekaa mkekani unanitazama kama mtu anayetazama mwezi wa Idi. Mimi nikanyanyuka nikasema naenda kuangalia tangi la maji. Mama yako alinifuata nje akaniuliza nimekuwaje, mbona nawanunia wageni. Nikamwambia tangi linavuja. Tangi halivuji, Maimuna. Mimi ndiye nilikuwa navuja hasira, nikaona heri nikasimame karibu na maji.

Sikusema "Mungu yupo" siku ile. Na hadithi ile, ambayo ndiyo iliyokufanya utake urubani tangu uko kidato cha tatu, ni hadithi ya siku niliyofanya kazi yangu vibaya kuliko siku zote.

Kumbuka mwezi uliopita nilipokupandisha, fundi Komora akiwa kiti cha nyuma. Tulipokuwa juu nilikuambia ufumbe macho, uniambie tumelalia upande gani. Nikaiinamisha helikopta kushoto polepole sana. Ukasema, bila hata kusita, "Tumenyooka." Nikakuambia fumbua. Mto Tana ulikuwa umesimama dirishani kwako kama ukuta. Ukacheka. Nikasema fumba tena, nikainyoosha. Ukasema, "Sasa tumelalia kulia." Ulipofumbua ukaona dunia iko sawa na ile mita ya upeo, inayoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, iko sawa, unakumbuka ulisema nini? Ulisema, "Mita yako imeharibika, Baba."

Komora alicheka mpaka akapaliwa. Ulidhani nimenuna kwa sababu umeitukana mita yangu. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayohayo nimewahi kuyasema mimi, na siku niliyoyasema sikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nimeyatoa macho yote mawili na hakukuwa na kitu cha kuona.

Sasa nisikilize, niisimulie kama ilivyokuwa.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Maji ya mafuriko yalikuwa yamefunika delta yote, na juu ya maji ukungu ulikuwa umelala mzito. Kutoka pale uwanjani Garsen niliweza kuiona miti ya mwisho wa uwanja kwa shida. Buya alikuwa amefika kwa mtumbwi kutoka Kilelengwani, amelowa mpaka kifuani. Mkewe alikuwa katika siku ya pili ya uchungu na mtoto hatoki. Sista Rehema, muuguzi tuliyekuwa naye, alikuwa tayari na mkoba wake.

Komora alisema, "Ngoja. Jua likipanda huu hautakuwepo. Saa tatu hivi."

Sista Rehema akaniambia, "Mimi nakusikiliza wewe. Ukisema twende, tunakwenda. Ukisema tungoje, tunangoja."

Umeona? Waliniachia uamuzi mikononi, safi kabisa. Buya alikuwa analia, lakini hata yeye hakuniambia nipae. Alisema tu, "Wewe ndiye unayejua."

Palikuwa na foleni ya watu waliokuja kuchukua unga. Mmoja wao, hata leo simjui ni nani, akasema kwa sauti, "Rubani gani huyu anaogopa umande?" Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Watu walikuwa wamechoka, wana njaa, wamepata kitu cha kuwachekesha.

Nikapanda.

Nimeitafuta sababu nyingine kwa miaka miwili. Ningependa sana kukuambia ni huruma. Ningependa iwe ni yale machozi ya Buya. Lakini kila nikiirudia asubuhi ile, nakikuta kicheko kile. Masikio yalinichoma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi hii, na maneno ya mtu mmoja asiye na jina yalinipandisha ndegeni kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba.

Dakika za kwanza nilikuwa naona maji chini yangu. Nikajiambia naona, basi inatosha. Mwanangu, kuona chini si kuona mbele, na hapo ndipo tunapojidanganya. Yale maji yalipoanza kufifia nikashuka kidogo ili niyaone tena. Yakafifia, nikashuka tena. Kila niliposhuka nilijiambia ni mara ya mwisho. Ningeweza kugeuka. Nyuma yangu bado palikuwa na kijia cha mwanga. Ningeweza kutua kwenye tuta la barabara, maana helikopta ina bahati ambayo ndege nyingine hazina: ukichoka na anga unakaa chini, hata shambani kwa mtu, ukaomba radhi kwa mahindi. Lakini wale watu wa foleni walikuwa bado wanacheka kichwani mwangu, nami nikaenda mbele.

Kisha kila kitu kikawa cheupe. Juu cheupe, chini cheupe, kama mtu aliyefungiwa ndani ya yai. Mwili wangu ukaniambia tumenyooka vizuri. Nikaitazama mita ya upeo, ikasema tumelalia kulia na tunashuka. Nikasema kwa sauti, "Mita imeharibika."

Sista Rehema akauliza, "Nini kimeharibika?"

Nilikuwa katikati ya kuchagua kati ya mita na makalio yangu, na nilichagua makalio, kwa sababu yalikuwa yamenitumikia miaka kumi na miwili ya jua kali bila kunidanganya. Hayakuwa yamewahi kuulizwa swali gumu, basi. Yale maji madogo yaliyo ndani ya sikio ndiyo yanayotuambia tumesimama au tumeinama, na macho yakikosa kitu cha kushika, maji yale yanaongopa. Yanaongopa kwa utulivu kabisa, kama mtu mwenye uhakika. Ulijiona mwenyewe.

Kilichotokea baadaye ni mkoma. Kilele cha mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, Maimuna, kilipita dirishani kwa Sista Rehema, si chini yetu, pembeni yetu, makuti yake yanatikisika kwa upepo wa mapanga ya helikopta yetu. Sista alipiga ukelele ambao naweza kuusikia sasa hivi nikiandika. Nikavuta kwenda juu. Nikayalazimisha macho yangu yaitazame ile mita, hiyo tu, huku mwili wote unapiga kelele kwamba nageuza ndege chini juu. Kukitii chuma wakati damu yako inakuambia vingine ni kazi ngumu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Nikainyoosha. Tukapanda. Halafu ukungu ukafunguka tundu, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu na si kwa jambo lolote nililofanya mimi, na chini yetu nikaona mapaa ya Kilelengwani.

Buya wakati wote huo alikuwa kiti cha nyuma amefumba macho anasoma dua. Ndiyo maana hadithi yake ni nzuri.

Tulitua pale penye mwinuko karibu na shule. Sista alikwenda kwa mama. Mimi nilikaa kwenye matope. Kumtoa mama majini juu ya kitanda, kumfikisha, kumlaza vizuri, kulichukua muda. Na tulipokuwa tayari kuondoka, ukungu ulikuwa umekwisha. Hata alama yake haikuwepo. Ilikuwa saa tatu na dakika chache, kama Komora alivyosema, na tulirudi Garsen tunaona mpaka samaki.

Mtoto alizaliwa saa saba mchana. Nilikwenda kumwona Sista Rehema nikitegemea, sijui, labda ahsante. Alikuwa ananawa mikono. Hakugeuka.

"Tungengoja ukungu uondoke, angezaliwa saa tisa," alisema. "Nilimpima mama nilipofika pale. Alikuwa na muda huo."

"Hatukujua," nikamwambia.

"Ndiyo. Hatukujua. Na kwa kutojua huko ulitaka kumpelekea maiti ya mkunga." Akafuta mikono. "Nilikupa uamuzi, kaka yangu. Sikukupa roho yangu."

Tangu siku ile, mpaka alipohamishiwa Hola, hakupanda tena ndege yangu. Alikwenda kwa mtumbwi, muda wa saa nne au tano kwenye maji yenye mamba, na mkoba wake kichwani. Watu wakasema Sista anaogopa ndege. Hakuwahi kuwarekebisha, nami sikuwahi kuwarekebisha. Hilo nalo ni deni la aibu, liko juu yangu.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati tu. Hayakuishia hapo.

Wiki tatu baadaye, alasiri, alikuja kijana mmoja wa Kiorma anaitwa Guyo. Mama yake alikuwa na homa, tangu jana yake hanywi maji. Walikuwa wamekwama na mifugo yao iliyobaki kwenye nchi iliyoinuka, kule ng'ambo ya Idsowe. Mahali penyewe nilipajua, nilikuwa nimewapelekea unga. Baba yake, Mzee Galgalo, alikuwa amebaki na mgonjwa.

Mbingu ya upande ule ilikuwa nyeusi. Komora aliitazama, kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nimejifunza, au nilijiona nimejifunza. Nilijiwekea sharti kabla ya kupaa: nitafuata alama tatu. Tuta la barabara, kisha tangi bovu la maji, kisha ile migunga mitatu. Nikiwa kwenye alama moja bila kuiona inayofuata, nageuka hapohapo, bila mjadala. Sharti zuri. Hata wewe nitakuomba ulitumie. Nilimwacha Guyo uwanjani ili mgonjwa apate nafasi ya kulala, nikapaa.

Nilifika kwenye tangi. Migunga sikuiona. Mvua ilikuwa imesimama mbele yangu kama pazia la gunia. Nikageuka. Nikatua kwenye tuta karibu na Idsowe, nikazima injini, nikangoja nikiisikiliza mvua ikipiga bati la ndege. Nilingoja mpaka jua likakaribia kuzama, haikufunguka. Nikarudi Garsen nikiwa nimebakiwa na mwanga wa kunitosha tu.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Nikaenda. Mama yake Guyo alikuwa amefariki alfajiri.

Siku ya soko Guyo alinikuta mbele ya watu. Hakunipiga. Ningeona nafuu angenipiga. Alisema, "Kwa Wapokomo wenzako uliruka kwenye ukungu. Kwa mama yangu uliogopa mvua."

Unajua, Maimuna, maneno ya namna hiyo yanaweza kufanya nini katika nchi yetu hii, kati ya mkulima na mfugaji. Kila mmoja akaangalia amesimama karibu na nani. Ningemwambia nini? Kwamba siku ile ya ukungu nilikosea? Nani angeamini, wakati mtoto wa Buya yuko mgongoni kwa mama yake, mzima, anachezesha miguu? Kama ningengoja saa moja na nusu asubuhi ile, ningekuwa rubani anayengoja, kwa kila mtu, na Guyo angenililia kama mtu mwenye msiba. Lakini nilikwisha kuwaonyesha watu kwamba nikitaka naweza. Kosa langu la kwanza ndilo lililoninyang'anya haki ya kusema hapana.

Maji yalipopungua nilikwenda kwa Mzee Galgalo. Nilimweleza yote: alama, migunga, mvua. Alinisikiliza huku anamkamua ng'ombe mmoja aliyebaki na maziwa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Kurudi, mimi sikulaumu. Mvua niliiona. Lakini sisi tulisikia ndege. Mama huyu alisema, amekuja. Tukambeba, tukamtoa nje pale wazi, ili usipoteze muda. Tukangoja kwenye mvua. Sauti ikaondoka. Yeye akauliza, imekwenda wapi? Tukasema, inazunguka. Tukangoja tena."

Akarudi kumkamua ng'ombe wake.

Mwanangu, nilikwenda pale nikiwa na fahari ya kugeuka. Nilirudi nikiwa najua kwamba kugeuka kulikuwa sawa, na kupaa ndiko kulikokuwa kosa. Ile mbingu niliiona nikiwa nimesimama Garsen. Komora aliiona. Hakuna kilichobadilika kati ya uwanja na lile tangi isipokuwa mimi kukaribia kile nilichokuwa nimekwisha kukijua. Nilipaa ili Guyo anione nikipaa. Tena watazamaji! Mara ya kwanza watu mia, mara ya pili mtu mmoja, na mara zote mbili aliyelipa si mimi.

Usiniulize kama angepona. Sijui. Nimeulizwa na mama yako, nimejiuliza mwenyewe, sijui. Na kazi hii itakuonjesha uchungu huo: ukipita salama kwenye ujinga, watu wanakupa ushahidi kwamba ulifanya vizuri, wanakupa na hadithi. Ukigeuka, hupewi ushahidi wowote. Mti ambao ungekuua unabaki umesimama huko mvuani, hakuna atakayekuonyesha. Utalala na neno "labda" maisha yako yote. Mimi nalala nalo. Si mwenza mbaya sana ukimzoea, anakoroma tu.

Kwa hiyo amua ukiwa umesimama chini. Amua kabla mtu hajakusikia unakuja. Na ukisema hapana, iseme wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa yule anayengoja, umtazame, usimwachie mtu wa redio uwanjani akusemee. Nilipaswa kumwambia Guyo pale pale, "Leo siendi. Kesho alfajiri nitakwenda." Angenitukana. Lakini mama yake angelala ndani, pakavu.

Nakujua. Utafika huko chuoni, utakuwa hodari, mikono unayo, hilo hata Komora anakubali. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwenye mikono mizito anaogopa mapema. Wewe utafika mbali sana ndani ya ukungu kabla hujagundua kwamba umeingia, na utakuwa unabishana na mita.

Jambo la mwisho. Ijumaa nilimkuta Mzee Galgalo mnadani. Akaniuliza, "Ni kweli unampeleka binti yako akawe kama wewe?" Nikasema ni kweli. Akahesabu ng'ombe wa watu wengine. Kisha akasema, "Mlete nimwone kabla hajaenda."

Sikukuambia kwa sababu ungeanza kubisha. Basi lako linaondoka saa nne kesho. Saa moja na nusu tutakuwa kwake. Sijui atakuambia nini. Huenda akakulaani, huenda akakupa maziwa. Mimi nitasimama mbali, karibu na ng'ombe. Akikuuliza ile ndege siku ile ilikwenda wapi, usinitetee. Mweleze, kisha ukae chini umsikilize mpaka amalize, hata basi likituacha.

Mimi babako, ninayekupenda mpaka nimechoka.